Mtaala wa Mwalimu Kashindi

Jumatatu, 10 Februari. Lodwar

Vumbi. Nimefuta meza mara tatu kabla ya saa nne asubuhi. Upepo bado unapita kwenye madirisha ambayo fundi aliapa yameziba. Printa imekwama mara mbili. Wakaguzi wa vyuo vikuu wanafika Jumatano ya wiki ijayo.

Chuo kikuu chenyewe kwa sasa ni majengo matatu yaliyokuwa ya makatekista, tangi la maji, na kibao cha langoni kisicho na maandishi. Lakini jimbo la Kanisa limekingoja chuo hiki miaka mingi. Mtoto wa Lokori au Kapedo akitaka digrii ya ualimu anatoka Turkana, na wengi hawarudi. Padre Ewoi, ambaye Askofu amemkabidhi kazi ya kukianzisha, anasema mtaala wa ualimu ukikubaliwa, tumefungua. Ukikataliwa, tunabaki na kibao. Mimi ni katibu wa kamati. Nimefundisha sekondari miaka kumi na sita. Mtaala ni jukumu langu.

Sikuuandika mimi. Naliweka hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma. Aliuandika Mwalimu Kashindi, mkimbizi wa Kongo aliye Kakuma. Kwao Uvira alikuwa akifundisha walimu. Huku anafundisha darasa la nne kwenye shule ya kambi. Vyeti vyake viliungua pamoja na nyumba. Kwa mwaka mmoja na nusu ameandika kwa mkono, mimi nimechapa. Kurasa mia moja na kumi na mbili. Zangu ni mbili, za utangulizi.

Leo nimechapa upya ukurasa wa jalada. Jina lake nimelitoa. Nimejiambia kwamba wakaguzi wakiona mtu asiye na vyeti wataitupa kazi yote. Kwamba ni kwa ajili ya chuo. Limebaki jina langu, peke yake, katikati ya karatasi.

Lilipendeza. Hilo nalo niliandike.

Ijumaa, 14 Februari

Nimeenda Kakuma na gari la jimbo kuchukua sehemu ya mwisho. Joto la kuvunja kichwa. Mwalimu alikuwa ananingoja mlangoni na shati la Jumapili, ingawa ni Ijumaa. Kurasa tisa, zimeandikwa nyuma ya mitihani ya zamani ya watoto. Mwandiko wake unalala upande mmoja, lakini hakuna neno lililofutwa.

Mkewe, Mama Furaha, alinipa chai ya tangawizi, kisha ya pili. Mwalimu aliniuliza kama wakaguzi watasoma yote au watapekua tu. Nikasema watasoma. Akacheka kidogo, akasema basi tuwawekee viti vizuri.

Hakuuliza habari ya jina. Kwa nini aulize? Nilimwahidi tangu siku ya kwanza kwamba litakuwa juu ya langu.

Nilikuwa na muda wa chai mbili kumwambia. Nikazungumzia barabara.

Jumatano, 19 Februari

Wamekuja wanne. Wamekaa kwa muda wa saa sita. Wameangalia vyoo, tangi, maktaba yetu yenye rafu nyingi kuliko vitabu. Nilidhani tumeanguka hapo.

Mchana wakaufungua mtaala. Mama mmoja mwenye miwani, ndiye kiongozi wao, alikuwa ametia alama za kalamu kila mahali. Akasoma kwa sauti kozi ile ya mwaka wa kwanza, "Mtoto Anayehama". Ni wazo la Mwalimu: kwamba mtoto wa mfugaji na mtoto wa mkimbizi wana shida moja. Wote wanafika shuleni katikati ya mwaka na kuondoka bila kuaga, na mwalimu afunzwe kuwapokea bila kuwaadhibu kwa hilo. Yule mama alisema amesoma mitaala ya vyuo vingi na hajakutana na kitu kama hiki.

Akaniangalia. "Haya mawazo ni ya nani?"

Padre Ewoi alikuwa kando yangu. Dirisha lilikuwa wazi. Nakumbuka punda alikuwa analia nje.

"Ni yangu," nikasema.

Ilichukua muda mfupi kuliko kupiga chafya.

Alhamisi, 20 Februari

Padre Ewoi amewaita wafanyakazi wote kunipongeza. Mpishi amechoma mbuzi. Nimekula. Nimeongeza.

Jumanne, 6 Mei

Barua imefika. Mtaala umekubaliwa. Tunafungua Septemba, hapa Lodwar na kituo kidogo Kakuma, kwenye ukumbi wa parokia.

Padre Ewoi alilia. Mtu mzima, mwili mkubwa ule, ameketi kwenye sanduku la vitabu, machozi yanamtoka. Alisema mama yake hakujua kusoma hata jina la mtaa. Kisha akatangaza mkuu wa idara ya elimu. Mimi.

Nilitakiwa nifurahi. Nilifurahi, kwa kweli, karibu saa nzima. Halafu Mwalimu Kashindi akapiga simu. Habari zilikuwa zimefika Kakuma kabla ya chakula cha mchana. Alisema, "Mama Akiru, tumefaulu." Tumefaulu. Mkewe nyuma yake alikuwa anapiga vigelegele.

Nikamwambia mtandao ni mbaya. Ulikuwa safi.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Askofu amebariki majengo. Watu wamejaa mpaka kwenye mikoma ya nyuma. Akina mama wa kutoka vijijini na shanga zao shingoni, maofisa wa kaunti na suti zao, wanakwaya wa Kakuma walioletwa na lori. Wakongo na Warundi waliimba wimbo wa sadaka mpaka Waturkana wakaanza kurukaruka. Askofu mwenyewe alitabasamu.

Sikumwalika Mwalimu. Alikuja na kwaya.

Tulikuwa tumeweka meza ya maonyesho. Ramani ya majengo, picha, na mtaala uliofungwa kwa jalada gumu la bluu. Nilimwona akienda pale. Nilikuwa nimesimama na maofisa, nikijibu maswali kwa mdomo, macho yakiwa kwake. Alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuugusa. Akafungua jalada.

Alisoma ukurasa mmoja tu. Ule wa kwanza. Akausoma kwa muda mrefu kuliko maneno yaliyopo.

Kisha akafunga, akaunyoosha ukae sawa na ukingo wa meza, akarudi kwa wanakwaya. Hakunitafuta kwa macho. Wimbo wa mwisho aliimba kama wengine.

Nina aibu. Sijui neno lingine. Nimeona mtu anaibiwa, na mwizi ni mimi, na mtu mwenyewe ndiye anayepanga meza vizuri.

Jumatano, 11 Juni

Sijampigia. Yeye pia hajapiga.

Alhamisi, 12 Juni

Sijampigia.

Jumatatu, 1 Septemba. Kakuma

Usajili wa kituo cha Kakuma. Nilitaka kumtuma mtu mwingine. Padre Ewoi akasema wanafunzi wamwone mkuu wa idara.

Foleni ilianza kabla hatujafungua mlango. Wakimbizi nusu, wenyeji nusu, kama tulivyotaka. Msichana mmoja, Nancy Akal, ametoka Lokori na godoro lake na jerikeni mbili. Amefikia kwa shangazi yake Lopur, atakuwa akitembea kwa miguu. Nilikuwa naandika jina baada ya jina bila kuinua kichwa. Jina, mwaka wa kuzaliwa, mahali. Jina, mwaka, mahali.

"Kashindi, Balthazar."

Nikainua kichwa.

Ameshika fomu kwa mikono miwili. Nywele zimekuwa nyeupe tangu Februari, au mimi ndiye sikuwa nikiangalia. Kwenye fomu ameandika: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, shahada ya ualimu. Sifa za kuingia: cheti cha sekondari cha Kenya. Kumbe alifanya mtihani wa sekondari hapa kambini kama mtahiniwa wa kujitegemea, amekaa na watoto wa miaka kumi na minane. Hakuwahi kuniambia. Sikuwahi kumuuliza.

Nyuma yake foleni inasukumana. Nilimwuliza mwaka wa kuzaliwa. Akanitajia. Nikauandika. Ana miaka sitini na mmoja.

Alisema, "Asanti, Madam."

Miaka yote amekuwa akiniita Mama Akiru.

Jumanne, 16 Septemba. Kakuma

Niandike hili lote, nisiruke kitu.

Somo la kwanza la "Mtoto Anayehama". Wanafunzi thelathini na wanne. Yeye ameketi safu ya pili, daftari jipya, kalamu mbili. Nimefundisha kutoka kwenye kurasa zake. Nimekatiza mara mbili kunywa maji, nikasingizia vumbi. Aliandika kila nilichosema. Maneno yake mwenyewe, anayaandika kama mapya.

Tukafika ukurasa wa thelathini na moja. Kuna sentensi pale: "Anzia pale mtoto alipoachia kuhesabu." Nimeichapa kwa mikono yangu, nimeisoma labda mara ishirini. Nancy Akal akainua mkono. Akauliza maana yake. Mtoto ameachiaje kuhesabu? Na mwalimu atajuaje?

Sikujua. Sijawahi kujua. Nilidhani ni maneno mazuri tu.

Nikaanza kusema kitu kuhusu kupima kiwango cha mwanafunzi. Nancy alinitazama kwa heshima, kalamu imesimama, haandiki.

Mwalimu Kashindi akainua mkono. Mkono, kama mwanafunzi. Nikamwita kwa jina.

Akasimama. Alisema anafikiri anaelewa Madam alichotaka kusema alipoandika. Akawaelezea habari ya mtoto wa kike aliyemfundisha mwaka wake wa kwanza kambini. Mtoto alihesabu hadi kumi na saba, basi. Kumi na nane hakutaka. Walimu wakamwita mzito. Baadaye ndipo Mwalimu akasikia kwamba watu wa nyumbani kwao walioingia kwenye mtumbwi pamoja naye, wasifike ng'ambo, walikuwa kumi na saba.

"Sasa hatukumlazimisha kumi na nane," akasema. "Tulikaa pale pale. Kumi na saba tukaigawanya, tukaizidisha, tukaitoa. Kumi na nane ilikuja yenyewe, nyuma ya miezi mitatu. Mimi nafikiri Madam aliandika ile sentensi kwa sababu ya watoto wa namna ile."

Akakaa. Wanafunzi wote wakaandika. Nancy alinigeukia na kunitazama kwa namna mtu anavyomtazama mtu mwenye hekima.

Aliniokoa. Alikuwa na thelathini na watatu wa kumsikiliza na nafasi ya kuniangusha, naye akaniokoa. Hakuna mtu aliyewahi kunifanyia kitu kigumu kukibeba kama hicho.

Jumatano, 17 Septemba

Nimepiga simu kusema ni mgonjwa. Si mgonjwa.

Ijumaa, 19 Septemba. Lodwar

Padre Ewoi huungamisha Ijumaa jioni kanisani. Nilipanga foleni. Nilikuwa nimeshatayarisha maneno. Mbele yangu walibaki wawili ndipo nikaelewa ninachofanya. Nikimwambia pale, atafungwa mdomo. Hataweza kulitumia, hata kulitaja. Dhambi ingesamehewa na jalada lingebaki vilevile. Hata maungamo nilikuwa nimeyageuza ujanja.

Nikatoka foleni. Watu wakanishangaa. Nikaenda kumngoja kwenye baraza ya ofisi yake.

Nimemwambia nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Mwishoni aliuliza kitu kimoja tu, kurasa zangu ni ngapi. Nikasema mbili. Alivua miwani akaiweka mezani, akawa anaitazama hiyo miwani, si mimi.

Akasema yeye alitia sahihi. Askofu alitia sahihi. Kuna wanafunzi sitini na tisa, Lodwar na Kakuma, ambao digrii zao zinasimama juu ya karatasi niliyoidanganyia. Wakaguzi wanaweza kufunga. Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha.

"Barua kwa wakaguzi nitaandika mimi," akasema. "Wewe nenda Kakuma kwanza. Usimwombe akuhurumie. Mwambie tu."

Jumatatu, 22 Septemba. Kakuma

Nimefika kwao asubuhi. Mwalimu alikuwa anatengeneza mguu wa kiti. Mama Furaha alikuwa anachambua maharage. Nikawasalimu. Sikukaribishwa kukaa, nikakaa chini kwenye mkeka bila kukaribishwa, kisha nikaona si haki, nikasimama.

Nikasema yote. Jina nililitoa tarehe gani. Nilisema nini kwa wakaguzi. Cheo nilichopata.

Mama Furaha akauliza, bila kuacha maharage, "Ile siku ulikunywa chai hapa. Ulikuwa umeshatoa jina?"

"Ndiyo."

"Chai mbili," akasema. Akachukua sinia lake akaingia ndani. Hakutoka tena.

Mwalimu alimaliza kupigilia msumari. Alijaribu kiti kwa mkono, kikatulia. Nilimwuliza kwa nini alijiandikisha, kwa nini hakunisema, kwa nini alisimama darasani kunitetea. Maswali matatu ambayo sikuwa na haki nayo.

"Sikukutetea," akasema. "Yule msichana aliuliza swali la kweli. Hangeweza kurudi nyumbani na jibu lako."

Nilikuwa nimejidanganya hata kwenye hilo. Nilikuwa nimelichukua kama zawadi yangu.

Kisha akasema, taratibu, akihesabu kwa vidole vyenye gundi, "Niko na miaka makumi sita na moja. Kila fasi ninaenda wananiuliza karatasi. Njo maana nilijiandikisha, nipate karatasi. Jina langu nalo nalitaka. Siyo juu ya lako. Lako litoke."

Nikasema litatoka.

Nilidhani atasema kitu kingine. Alikipeleka kiti ndani.

Jumanne, 23 Septemba. Kakuma

Nimewaambia darasa. Dakika nne hivi. Wanafunzi wakageuka kumtazama mtu wa safu ya pili, naye akawa anaangalia daftari lake. Kijana mmoja wa Burundi alianza kupiga makofi, hakuna aliyemfuata, akaacha.

Nancy Akal hakunitazama tena saa nzima.

Nimemaliza somo. Ukurasa wa thelathini na mbili.

Jumatano, 15 Oktoba. Lodwar

Majibu ya wakaguzi. Padre Ewoi alinisomea mwenyewe. Wamesikitishwa. Mtaala unaendelea kwa sababu kazi yenyewe haina kasoro. Jalada libadilishwe, nakala zote zirudishwe zisahihishwe. Hatua juu yangu wanaliachia jimbo.

Kuna aya moja ya katikati ambayo Padre alisoma mara mbili. Kwamba fomu haikuwahi kuuliza vyeti vya mtayarishaji wa mtaala. Vyeti huulizwa kwa anayeajiriwa kufundisha. Yeyote angeweza kuuandika.

Yaani hata woga niliousingizia haukuwa na msingi. Ningesoma fomu vizuri ningejua. Labda nilisoma. Nimejaribu kukumbuka kwa uaminifu kama niliisoma aya ile Februari, na siwezi kuapa kwamba sikuisoma.

Si mkuu wa idara tena. Nitafundisha vipindi viwili kwa wiki na kusaidia maktaba. Nimemshukuru Padre. Akasema asishukuriwe, ni upungufu wa walimu.

Askofu amemwandikia Mwalimu Kashindi barua kwa mkono wake. Sijui ndani mna nini, wala hainihusu. Nimesikia ameombwa aongoze mafunzo ya vitendo shuleni huku akiendelea na masomo, na kwamba amekubali baada ya kuomba siku tatu za kufikiri.

Nyumbani nimempigia mama yangu Kapedo, nimemwambia. Aliuliza kama nimekula.

Jumapili, 2 Novemba

Misa ya marehemu. Mvua imenyesha Kakuma, laga, mto wa msimu, imejaa, kwaya haikuweza kuvuka. Kanisa lilikuwa kimya. Sikupokea komunyo. Mama mmoja wa jumuiya yetu alinisogelea baadaye akanisalimu, "Ejok?" Nikamjibu ejok. Alinishika mkono muda kidogo zaidi ya kawaida. Kila mtu anajua.

Alhamisi, 27 Novemba. Kakuma

Nakala mpya zimetoka kwa mpiga chapa. Jalada la bluu lilelile. Balthazar Kashindi, peke yake, katikati. Utangulizi wangu umeondolewa, wameweka wake. Ni mfupi, nusu ukurasa, na ni bora.

Nimepeleka sanduku kwenye kituo. Laga imekauka tena, njia ina mawe yaliyobebwa na maji. Nilimkuta Mwalimu kwenye ukumbi, anapanga viti kwa somo la mchana. Nikampa nakala ya kwanza. Hakulitazama jalada. Alifungua ndani, akapekua kwa kidole kilicholowa mate, akasoma hapa na pale kwa kukunja uso, kama anayesahihisha kazi ya mwanafunzi.

Ukurasa wa themanini na nne akasimama. Akatoa kalamu mfukoni.

"Hapa ulichapa vibaya," akasema. "Niliandika kusikiliza. Uliweka kusimamia."

Nikaangalia. Kweli. Kosa langu la mwaka jana, wala si la mpiga chapa. Akalipiga mstari mmoja mwembamba, akaandika neno juu yake, akanirudishia nakala na kuendelea na viti.

Nakala ziko arobaini. Nimeketi kwenye meza ya kituo tangu saa nane, na kalamu na rula, nasahihisha neno lile. Nimemaliza kumi na mbili.